Minza Hakujificha

Dada Koku,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapa, maana nimezoea kungoja uitikie.

Leo asubuhi ziwa lilitoa moshi. Unawajua wale wadudu wanaoinuka majini kama wingu. Walipanda taratibu kutoka upande wa visiwani, jua likiwapenya, na watoto wetu wakasimama mlangoni wakishangaa. Mmoja akapiga magoti, mwingine akalala kifudifudi, na mara darasa zima likawa linatambaa mchangani kwa vicheko, eti ziwa linaungua. Nilicheka nao. Halafu nikageuka kukuambia kitu, na hukuwepo.

Tangu masika, homa ilipokuchukua ukaniacha na darasa letu peke yangu, nimekuwa nikigeuka hivyo. Mchana, watoto wakisinzia na upepo ukipita kwenye nyasi za paa, huwa nakuona umejifunika ile khanga yako nyekundu, umekuwa Moto. Siku ya kwanza ulizunguka darasani ukivuma, watoto wakakimbilia chini ya meza na nyuma ya gauni langu. Ukaivua khanga, ukaketi chini, ukawaambia kwa upole, "Mmeona? Moto umewapata wote. Mtoto akijificha, mama yake hamwoni."

Nilidhani ni mchezo tu. Jioni ile, tukichota maji, ndipo uliponisimulia habari za mdogo wako kule Bukoba, aliyekutwa amekufa chini ya kitanda nyumba yenu ilipoungua, na mlango ulikuwa wazi. Mama yenu alimwita mpaka sauti ikamkauka. Hakuitika, labda alidhani atachapwa. Hukulia, dada. Ulisema tu, "Kabula, hakuna aliyekuwa amemwambia atoke."

Basi ukawaambia watoto wetu, kila wiki, bila kuchoka. Moshi ukishuka, nawe shuka. Tambaa ukifuata ukuta mpaka mlangoni. Ukishatoka usirudi, hata kama umeacha nini. Nenda kwenye jiwe kubwa la karibu na nyumba, ulitaje jina lako kwa sauti. Nguo ikishika moto usikimbie, lala ujiviringishe. Baba yake Minza alipokuja shuleni kulalamika kwamba unawaitia watoto balaa, ulimpa kigoda kwanza. "Baba, moto hauitwi," ukamwambia. "Unakuja wenyewe." Aliondoka hajaridhika, nawe ukamsindikiza mpaka njiani kama mgeni wa heshima.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Kiangazi hiki watu walikuwa wakichoma masalia ya pamba mashambani, upepo ukageuka. Masomo ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nafagia nilipoona paa la kina Minza linawaka. Baba yake alikuwa shambani, mama yake ziwani anafua. Nilikimbia, dada, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu ila chini ya kitanda, chini ya kitanda. Mama Minza alinitangulia. Alitaka kujitupa ndani, majirani wakamshika. Paa likaanguka. Kwa muda sikusikia kitu chochote, hata mlio wa moto. Niliona midomo ya watu inafunguka tu, kama ndotoni.

Kisha, kutoka juu ya jiwe nyuma ya nyumba, sauti nyembamba, yenye hasira kidogo kama ya mtu aliyengojeshwa sana:

"Mimi ni Minza! Niko hapa na Shija! Mbona hamji?"

Amemshika mdogo wake mkono. Masizi mwili mzima, magoti yamechubuka. Mama yao aliwakumbatia akaanguka nao. Baadaye Minza aliniambia, "Shija alikuwa amejificha, mwalimu. Nikamvuta mguu. Nikamwambia, mama hatakuona."

Baba yao alifika akaketi mchangani, mikono kichwani. Lakini walipokwisha kuezeka nyumba mpya alikuja darasani na mkewe na majirani, wakaketi nyuma ya watoto. "Mwalimu," akasema, "na sisi tufundishe." Ungewaona, Koku! Watu wazima na ndevu zao, wanatambaa kando ya ukuta, na watoto wanawakemea, "Shusha kichwa, baba! Shusha kichwa!"

Nilitoka nje nikalia kidogo. Lilikuwa darasa lako.

Shule ikifungwa nitapanda stima kwenda Bukoba kumwona mama yako. Amebaki peke yake sasa. Wazazi wa Minza wamekubali nimchukue mtoto, wamempa na kuku wa kumpelekea bibi. Sijui mama atafurahi au jeraha litafunguka upya. Nimelifikiria sana hilo. Nitamuuliza kwanza kama anataka kusikia. Akitaka, nitamwacha Minza asimulie mwenyewe. Asipotaka, tutamenya ndizi, tutakaa naye, na mtoto atacheza uani. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, dada yangu. Lala salama huko uliko. Watoto wananiita.

Mdogo wako,
Kabula