Matanga Niliyaanua Mimi

Seven Hills, Sydney,
Australia.
Jumatano, 16 Februari 2022

Mpendwa Shemeji Zephania,

Shikamoo shemeji. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na dada Coletha na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Nilisikia uliteleza kwenye stoo ya mawese ukaficha wiki nzima kama mtoto aliyevunja sahani. Usilipuuze. Na mama mkwe, anakula vizuri? Mwambie namkumbuka kila nikikanda unga.

Mimi ni mzima, Mungu anasaidia. Miguu inavimba nikisimama sana kule kwenye nyumba ya wazee ninakofua mashuka, lakini nikilala inarudi. Huku mvua inanyesha mpaka nguo zinaota harufu kwenye kamba, na treni za Penrith zinachelewa kila asubuhi. Basi ndiyo hali.

Utashangaa nimeandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu, shemeji, wewe huongei, unahutubia. Nikifungua mdomo unaniambia, "Subiri nimalize," na humalizi. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu. Mimi ni wa darasa la saba, mwandiko wangu unaujua, palipopinda utanyoosha mwenyewe. Jepchumba, yule rafiki yangu nesi Mkenya, ataipiga picha barua hii aitume kwenye simu ya dada Coletha. Nimechagua simu ya dada kwa makusudi. Yeye atakusomea mpaka mwisho, hata ukiondoka atakufuata uani.

Nianze na Hope, mwanangu na mwanao, maana yeye ndiye aliyenikalisha hapa.

Alifika Uholanzi salama. Mji unaitwa Delft. Chuo chake cha hapa Sydney ndicho kimempeleka huko kwa nusu mwaka, kusoma mambo ya maji: namna ya kuyazuia yasizamishe nyumba za watu, na namna ya kuyapeleka yanakotakiwa. Siku ya kwanza alinipigia ya video amevaa makoti mawili, machozi yanamtiririka kwa upepo, anacheka. Akanionyesha mtaa. Maji katikati, nyumba pembeni, na baiskeli, shemeji! Baiskeli kama Kasulu siku ya gulio, ila hakuna hata moja iliyobeba mkungu wa ndizi. Mama mtu mzima, umri wangu huu, amevaa vizuri, yuko juu ya baiskeli na mwavuli mkononi. Nilicheka mpaka msimamizi wa kazini akaja kuangalia kama nimeumia.

Sasa sikia. Kabla hajaondoka nilimwambia neno ambalo mama yangu aliniambia mimi siku nakuja kuolewa kwenu: usilale usiku wa kwanza kwenye nyumba ngeni kabla majirani hawajajua jina lako. Hope ni mtoto msikivu, huo ndio ugonjwa wake. Jioni ile ile akabisha hodi milango yote ya korido yao. "Naitwa Hope, natoka Sydney, nimekuja kuwasalimia." Mmoja akadhani anauza kitu, akamwambia hahitaji. Mwingine akaanza kuomba radhi kwa sababu ya muziki wake, kumbe hata hajashtakiwa. Binti mmoja Mturuki akamvuta ndani, wakanywa chai mpaka wakazoeana.

Baada ya siku chache koo likaanza kumwasha. Akajipima, anao ugonjwa wa korona. Ule ule. Na kwenye korido wawili nao wakakutwa nao, akiwemo yule Mturuki wa chai.

Hapo ndipo mtoto alipovunjika. Mwili haukumsumbua sana, amechanjwa, ilikuwa kama mafua ya kawaida. Kilichomuua ni aibu. Amefungiwa chumba chenye kitanda, meza na dirisha, anasikia watu wanapita nje kimya kimya. Akaniambia, "Mami, nimewapelekea watu ugonjwa kwa salamu zako." Nilikwenda nikakaa chooni kazini nikaomba. Halafu nikakupigia wewe, shemeji, nikakuomba umwombee.

Ulichofanya hakikuwa maombi.

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti uliomtumia. Alinitumia mimi kwa sababu hakuelewa yote, Kiswahili chake ni cha kuombea chakula na kugombezewa, chako ni cha barazani. Ulimwambia ametoka kwenye nyumba yenye msiba wa baba yake mzazi, matanga hayajaanuliwa, ndiyo maana hajamaliza hata wiki ameanguka. Ukamwambia afunge mizigo arudi Sydney, akae na mama yake mpaka Julai, tuje wote nyumbani, ukoo ukae, wewe kama mkubwa uyaanue matanga, ndipo aende anakotaka. Ukamalizia, "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Mtoto akaniuliza maana yake ni nini. Mimi mama yake ndiye niliyelazimika kumfafanulia mwanangu jiwe alilorushiwa.

Shemeji, nakuheshimu. Uliposimama mbele ya baba yangu kumsemea mdogo wako Ishmael posa, nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza, nikajua naingia kwenye nyumba ya watu. Sijalisahau hilo. Lakini katika hili, hapana. Nasema hapana kwa herufi kubwa, dada Coletha akifika hapa apaze sauti.

Baada ya ujumbe wako alinipigia analia, ameshatoa begi chini ya kitanda. Anasema anarudi, masomo ataacha, bora asigombanishe familia. Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia, mashine zinanguruma, ikabidi nipige kelele. Nikamwambia, "Ukirudi kwa ugonjwa, njoo. Ukirudi kwa upweke, njoo, nitakupikia. Ukirudi kwa maneno ya baba mkubwa, mlango huu sikufungulii."

Akasema kwa Kiingereza chake, "Utafungua tu, mami."

"Jaribu uone."

Ningefungua, shemeji. Ningefungua kabla hajabisha. Hilo nakuambia wewe, yeye usimwambie.

Sasa nikueleze usilolijua. Hope hakutoka kwenye nyumba yenye msiba. Matanga niliyaanua mimi.

Usirushe simu ya dada. Kaa, usikilize.

Tangu Ishmael afariki mwezi wa nane, godoro langu lilikuwa chini, sebuleni. Nililala pale kama ukoo wenu unavyotaka, nikisubiri mkubwa aje. Nani angekuja? Nchi ilikuwa imefungwa kama chungu. Siku ya mazishi tuliruhusiwa watu kumi, tukasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Wewe ulikuwa kwenye simu ya Jepchumba, ameinyanyua juu ili uone kaburi, mtandao ukakatika kabla ya udongo. Na baadaye hakuna aliyekuja kukaa nasi, kutembeleana kulikuwa marufuku, polisi wanazunguka mitaa yetu na wanajeshi wanagonga milango. Watu waliacha sufuria barazani, wakapiga kengele, wakakimbilia kwenye gari, wakatupungia mkono wakiwa ndani ya vioo. Tulimlilia Ishmael mimi na Hope, wawili, tunapokezana. Akilia yeye mimi napika, nikilia mimi yeye anapika. Wiki iliyofuata nikarudi kazini, mashuka ya wazee hayasubiri.

Hayo ndiyo matanga unayosema hayajaisha. Kwani yalianza lini?

Basi Jumamosi moja kabla ya safari, niliamka nikamwambia Hope ashike godoro upande ule. Tukalirudisha chumbani kwangu. Nikafagia sebule kuanzia ukutani mpaka mlangoni, takataka nikatupa nje. Nikavua nguo nyeusi, nikaoga, nikavaa kitenge. Jepchumba akaja, na kina mama wawili wa kanisa, tukachokonoa pua zetu kwanza pale barazani kwa vipimo alivyobahatisha Jepchumba, maana madukani vilikuwa vimeadimika kuliko chumvi wakati wa vita. Nilikuwa nimepika dona na samaki. Hakuwa mgebuka wa ziwani kwetu, ni samaki wa barafu wa Bankstown, hana ladha wala historia. Lakini ni samaki.

Halafu nikasimama. Nikasema, "Ishmael tumemlilia. Kuanzia leo nyumba hii haina msiba. Wa kuoa aoe, wa kusafiri asafiri." Ndiyo maneno aliyosema baba mkwe, marehemu, tulipomaliza msiba wa mdogo wenu. Nilikuwepo, napakua chakula, mkamsahau mpakuaji.

Jepchumba akaniuliza, "Kwani kwenu mwanamke anaruhusiwa kusema hayo?"

Nikamwambia, "Haruhusiwi. Kula samaki."

Utasema mimi ni wa kuolewa, ukoo siujui. Sawa. Utasema nilipaswa kusubiri. Mtoto alikuwa na nafasi ya chuo ambayo isingesubiri goti la mtu wala mpaka wa nchi. Na sitakuambia eti ni wosia wa Ishmael. Hakuacha wosia, maskini, alikuwa anatafuta pumzi tu. Sitamtia marehemu maneno mdomoni ili nishinde ugomvi. Nasema mimi, Zilpah, mzima, mwenye ulimi wangu.

Na kwamba mtoto aliugua kwa sababu ya msiba, hilo nalikataa mbele yako na mbele ya mchungaji. Aliugua kwa sababu dunia nzima inaugua. Wale wawili wa korido nao walitoka kwenye msiba wa nani?

Shemeji, najua kinachokuuma. Hukumzika mdogo wako. Ulishika simu, ukaona mti na koti la Jepchumba, kisha ikazima. Dada Coletha aliniambia ulikaa na ile simu gizani ukiibonyeza bonyeza irudi. Nililia niliposikia. Kwa hiyo lia, shemeji. Lia mpaka uchoke, hakuna atakayekuhesabia. Lakini usilie kwa kupitia mtoto wangu.

Julai nitakuja, mipaka imefunguliwa. Nitakaa nanyi, nitapika, nitateka maji, nitalia tena kama mgeni wa msiba, maana Ishmael anastahili kuliliwa na kwao pia. Utaanua matanga yako kwa heshima zote na mimi nitainama. Ila nitakuja nimevaa rangi. Na Hope hatakuja, atakuwa kwenye mitihani.

Maana anabaki. Begi amelirudisha chini ya kitanda. Na unajua kilichomrudisha moyo? Si mimi na kelele zangu. Wale wawili aliowasalimia, walipoona wote watatu ni wagonjwa wa kitu kimoja, wakasema sasa tunaogopana nini, wakahamia chumba cha Mturuki wakacheza karata na kupikiana supu mpaka wakapona. Hope anasema mmoja wao amekaa jengo lile mwaka mzima na hakuwahi kujua jina la mtu. Jumatatu ameingia darasani. Ameanza kujifunza baiskeli pia, ameshaanguka mbele ya kituo cha treni, ameniambia watu wazima wawili walimnyanyua na mmoja akamgombeza. Nimemwambia huyo anayekugombeza ndiye jirani.

Kwa hiyo habari ya kurudi usimpigie tena. Nimemwambia akiisikia akate simu, lawama aniachie mimi. Ukiwa na hamu ya kufoka, namba yangu unayo, nipigie jioni baada ya kazi. Nakuahidi safari hii sitakukatiza, foka mpaka umalize, nitakuwa nakunja nguo.

Lakini shemeji, mtoto yule kila Jumapili anaangalia simu. Kwa baba yake mlikuwa watatu, umebaki wewe. Sauti yako inafanana na ya Ishmael mpaka inaogofya, hasa unapokohoa kabla ya kusema jambo. Anaitaka ile sauti. Mpigie. Muulize, "Umesoma nini wiki hii?" basi, hilo tu. Ataanza kukueleza habari za kuta zinazozuia bahari, ataingiza Kiingereza, hutaelewa, hata mimi sielewi. Wewe sikiliza. Sema "ehee" panapofaa. Ndugu yako angefanya hivyo hivyo.

Dada Coletha, asante kwa kusoma, najua koo limekauka, kunywa maji. Msalimie mama mkwe, mshikie miguu kwa niaba yangu. Jepchumba anawasalimu ingawa anasema mimi ni mkorofi.

Mungu aliyewaacha ninyi mbaki awatunze, awape usingizi mwema na mavuno, na atukutanishe Julai uso kwa uso, bila kioo katikati.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na nisiyerudi nyuma,

Zilpah, mama Hope