Ukuta Unaopiga Mluzi

Kwa Mwende, binti yangu uliyenitangulia,

Barua hii nimeandika mwenyewe, hakuna mtu amenishikia kalamu. Wewe unajua herufi hizi nilizitoa wapi.

Kitengela yote hakuna fundi wa mawe alinishinda. Huo mwaka wa tisini na saba ukuta wangu ulikuwa haujawahi kupinda hata kidogo. Halafu wewe, mwalimu wa darasa la kwanza, ukataka niache matundu kwa ukuta wa darasa nipange chupa. Nilikataa wiki mbili. Nikasema ukuta ni wa kuzuia upepo, chupa ni ya baa. Ukaniambia polepole, "Baba, kama huwezi, nitaita fundi mwingine."

Hapo ulinimaliza. Nikajenga, midomo ya chupa nje, matako ndani.

Asubuhi ya kwanza, jua lilipopiga, nilivua kofia mlangoni kama niko kanisani. Sakafu ya simiti yote kijani, kahawia, buluu. Watoto walikuwa wamepiga magoti, wanazungushia rangi chaki, wakirudi wanapata imehama. Na wewe umenyamaza tu. Sijawahi kuona mwalimu amenyamaza na watoto wanajifunza.

Kisha upepo ukavuma, ukuta ukalia, kila chupa na sauti yake. Ukanigeukia. "Baba, ulipanga hivi?"

"Mimi huwa sikosei."

Ukacheka. Siku hiyo ukafundisha sauti. Baadaye ukaandika herufi kwa chokaa chini ya kila chupa, na mimi nikawa nakuja kila wiki kukagua nyufa. Nyufa gani, Mwende? A ilikuwa ya kijani, M ilikuwa ile ya kahawia inayonguruma. Ulijua, na hukuniaibisha.

Juzi kamati ya shule iliita mkutano. Wanataka kuziba chupa na plasta, eti zinasumbua mtihani. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wazazi, "Mzee, huo mluzi ulipangwa ama fundi alikosea? Kama ni makosa, tunaziba leo."

Nikasimama. Nikawaambia mimi huwa sikosei. Wakaziacha.

Lakini wewe nakwambia. Nilisahau kuziba midomo na saruji. Nilikosea, mama. Na hakuna kitu nimejenga kizuri kama hicho.

Leo upepo ni mwingi. Nakusikia hadi hapa kwangu.

Ni mimi baba yako, mwanafunzi wako wa nyufa.