Shikamoo ya Yakobo

Mama Nkwabi, haya kaniambia mjukuu wangu Odeta leo jioni, analia hata viatu hajavua.

Unajua kazi yake dukani Mabatini, kuandika sifa za pampu za maji kwenye kompyuta. Ile programu ukibadilisha namba mara moja, inabadilika kwenye karatasi zote wanazosoma wateja.

Bosi wake Yakobo akamwambia, "Andika inavuta maji kutoka kina cha mita ishirini." Kiwanda kimesema nane! Odeta akakataa. Yakobo akaandika mwenyewe, kwa jina la Odeta. Kwa jina la mtoto wangu!

Wakulima wa Sengerema wakazinunua kwa visima vyao virefu, pampu zimeungua. Leo wamekuja dukani, Yakobo akamnyooshea kidole: "Mwandishi ni huyu."

Sasa sikia. Odeta hajamaliza kunisimulia, Yakobo kaja hapa kwangu Buhongwa. Hana haya huyo! "Shikamoo bibi. Mwambie akubali kosa, kazi nitamwachia."

Sikuitikia. Nikachambua dagaa wangu. "Bibi, shikamoo." Akarudia tena, jasho linamtoka.

Nikamwambia, "Marahaba yako kaifuate Sengerema."

Akaondoka. Odeta akasema, "Bibi, kazi ndiyo imekwenda." Iende! Kesho tunapanda kivuko, tukawaambie wakulima wenyewe nani aliandika.

Kalala na viatu vyake. Nimemvua, na mimi nalala.