Aliyemwona Kwanza

Bagara, Babati

Mpendwa dada yangu Skolastika,

Shikamoo. Habari za huko Dareda, na shemeji na watoto hawajambo? Goti lako limepata nafuu? Sisi tupo, tunaendelea. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ningelia tu, usielewe kitu.

Unajua tangu Laurian wangu apate kiharusi haoni upande wa kushoto. Anakula nusu ya sahani, halafu anauliza kama chakula kimeisha. Kule hospitali Arusha daktari alitueleza kwamba macho ni mazima. Kilichoumia ni ubongo, kule nyuma kisogoni, mahali panapopokea yale yanayoonwa na macho. Wakamlaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakimwonyesha taa upande wa giza. Laurian akasema haoni kitu. Lakini kwenye picha, sehemu ndogo jirani na ile iliyoumia ilikuwa inaitikia. Daktari akasema tukiifanyisha mazoezi huenda ikaamka.

Jirani yetu Edda, yule mjane aliyekuwa mwalimu, akajitolea. Kila jioni alikaa kushoto kwa Laurian akipunga vitambaa vya rangi. Na mimi nilikaa upande huo huo, dada, nimetulia, nikingoja aniambie ananiona. Jioni moja akapaza sauti, “Edda, mkono wako huo! Nauona!” Edda akapiga vigelegele. Mimi nikaenda jikoni kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Mume ninayemwogesha na kumvalisha viatu, macho yake yamerudi kwa mwanamke mwingine! Tangu hapo nikawa naona kila kitu: Edda kasuka nywele, Laurian kaulizia kama jioni imefika.

Mwezi uliopita tulirudi kwa picha ya pili. Daktari akasema kilichoamka kwanza ni sehemu inayotambua vitu vinavyosogea. Kitu kilichotulia bado haikioni. Nikabaki nimeduwaa. Edda alikuwa anapunga, mimi nilikaa kama gogo. Kisha daktari akashangaa kwamba sehemu ile haijaimarika kama alivyotarajia, akauliza kama mazoezi yanaendelea. Laurian akajibu kwa unyonge kuwa Edda alichoka, akaacha kuja.

Dada, Edda hakuchoka. Mimi nilimwambia Edda kwamba daktari amekataza mazoezi, na Laurian nikamwambia Edda amechoka. Ikafika hadi kanisani Laurian akawa hamwitikii salamu.

Tuliporudi nilikwenda kwa Edda nikamwambia yote. Hakunifokea. Alisema tu nikamweleze mume wangu kwa kinywa changu. Nikamweleza. Akaniuliza, “Modesta, yaani ulitaka nisione?” Akainuka, akasema anakwenda kumwomba Edda radhi kwa zile salamu. Nikampa mkono nimwongoze, hakuushika. Akapapasa ukuta, akajigonga bega mlangoni, akaenda peke yake.

Mazoezi yameanza tena. Tunapunga kwa zamu, mimi na Edda. Na bado, dada, ikifika zamu yake moyo unaniuma vilevile. Sijui wewe ungefanyaje.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani kwako, na mniombee.

Mdogo wako akupendaye,
Modesta