Mvumo Kifuani mwa Dady

Brussels, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,
Jambo. Umelalaje, na magoti je? Mimi nipo. Pampu waliyonifunga moyoni inafanya kazi: kifua hakidundi tena, kinavuma. Lakini ina matata yake. Tumbo linatoa damu, figo zimechoka. Munganga ananipa dawa damu isigande ndani ya pampu, na amenikataza majani mengi ya kijani, yanaipinga ile dawa. Nasubiri kuwekewa moyo wa mtu. Figo zikikataa, sitapewa.
Mtoto wako, Dady

Kabambare, 20 Februari

Dady mwanangu,
Jambo. Nimepanda kilima penye réseau ya simu ili nikujibu, magoti yanalia. Damu inatoka, halafu wanakunyima majani? Waganga gani hao! Nilipokuzaa niliishiwa damu, bibi yako Émérance akaniinua kwa supu ya majani ya matembele. Nimeyakausha kivulini, nimeyatwanga. Jirani yetu Djamila anasafiri huko, atakuletea. Kunywa yote, na munganga asijue.
Mama yako

Brussels, 30 Machi

Mama,
Jambo. Mzigo umefika. Mke wangu Olga alinuna, nikamwambia huu ni mkono wa mama. Nakunywa asubuhi na jioni. Jiko zima linanukia nyumbani, nililia. Jana nimepanda ngazi bila kupumzika. Asante sana, mama.
Mtoto wako, Dady

Brussels, 2 Mei

Mama,
Jambo. Magoti je? Anayeandika ni Olga, mimi nasema polepole. Damu iliganda ndani ya pampu, kipande kikapanda kichwani. Mkono wa kuume umekufa. Figo zimesimama, mashine inanisafishia damu. Moyo wa mtu hawatanipa tena. Hakuna aliyekosa. Hizi pampu ndivyo zilivyo. Uniombee.
Mtoto wako, Dady

Kabambare, 11 Mei

Dady mwanangu,
Jambo. Magoti usiulize. Umenitajia mkono, kichwa, figo. Majani hukuyataja, wewe unayenishukuru hata kwa ndizi moja! Tangu utoto, jambo ukitaka kunificha unalinyamazia kabisa. Basi nimejua. Ni mimi, mwanangu. Nimeng'oa matembele yote nyuma ya jiko, majirani wanadhani nimerukwa na akili. Nijibu. Hata kama ni kunitukana, nijibu.
Mama yako

Kabambare, 2 Juni

Olga mwanangu,
Jambo. Dady hajajibu, wewe pia umenyamaza. Kila siku napanda kilimani. Kama bado anavuma, nipigie, umuwekee simu kifuani. Usiseme neno. Nitasikiliza tu.
Mama yenu