Kikapu cha Tatu cha Pareto

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni mwa nyumba yetu ya kambi, hapa Molo. Leo ilibaki kidogo tu nyumba hii iwe ya watu wengine.

Tangu tukuzike, shamba limeletewa nyapara mpya. Chuma kikigongwa asubuhi anataka kuona migongo imeinama kwenye pareto. Nami nikataka kumridhisha. Naamka, nabandika uji, nauacha jikoni naenda mtoni, narudi nakuta umeungua na Nafula wangu analia. Nakimbilia shambani naye mgongoni, sijatia kitu mdomoni, nachuma maua yangali na umande ili nimalize mapema nirudi kufua. Siku nzima mbio, na jioni hakuna kazi hata moja iliyokwisha.

Vikapu vyangu viwili vimemwagwa mbele ya watu. "Hii ni maji, si maua," nyapara alisema. "Kikapu cha tatu, unafunga virago." Ningempeleka wapi mtoto, Mama?

Basi nikafuata njia yako. Maji na kuni nilitayarisha jana jua likiwapo, tukalala mapema. Asubuhi nikanywa uji nimekaa, Nafula akanyonya akashiba. Chuma kilipogongwa nilienda, ila sikuchuma. Nilishika jembe nikapalilia ukingoni, mara kwa mara nikipitisha pindo la gauni kwenye maua. Likitoka limelowa, narudi kwa jembe. Wenzangu walishafika nusu kikapu. Nyapara akaja akasimama nyuma yangu. Nikaendelea kungoja. Pindo lilipotoka kavu nikaanza kuchuma, sikuinua kichwa tena.

Kwenye mizani alizamisha mkono hadi chini kabisa ya kikapu. Akakaa nao humo. Akautoa mkavu, akanionyesha kwa kidevu nipite.

Sikufurahi. Nililia, kwa sababu msimu wako wa mwisho, ulipokuwa ukingoni hivyo hivyo ukingoja, nilikuita mvivu mbele ya wenzako. Ulisema tu, "Wacha kukimbizana na umande, mwanangu," ukaendelea kupalilia. Sikukuomba msamaha. Nilidhani muda upo.

Nisamehe, Mama. Pumzika. Leo wasichana wawili wamemwagiwa vikapu vyao. Kesho nitawaita ukingoni wangoje pamoja nami, na wakiniita mvivu, nitanyamaza.

Binti yako,
Nekesa