Kofi Ulilopigwa kwa Ajili Yangu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumatano, 14 Agosti 2024

Kwako Dada Maimuna,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wote hapo Kilwa Masoko, na kwamba goti lako limetulia tangu uanze kulikanda kwa maji ya moto. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa hilo neno "sisi" leo naliandika kwa woga, na sababu yake utaiona huko mbele.

Najua umeshangaa. Mtu ana simu mbili, anaandika barua! Lakini dada, simu yako ni ya ukoo mzima. Ule ujumbe wa sauti niliokutumia siku ya Idi ulisikilizwa ukumbini na wari wako wote unaowafunda, shemeji akanipigia kunicheka nilivyokohoa katikati ya salamu. Hili la leo si la ukumbini. Nimempa Shomari wa basi la Kilwa akukabidhi mkononi mwako. Ingia chumbani, funga mlango, vaa miwani, ndipo uendelee.

Nianze na kifua changu, maana yote yameanzia hapo. Wewe unakijua kuliko mtu yeyote. Ndiwe uliyenilea mama alipokuwa shambani, ukanifuta kamasi mpaka upindo wa kanga yako ukakakamaa. Masikio yalitoa usaha, pua haikukauka masika wala kiangazi, na kila alfajiri nilikohoa makohozi mazito kama mzee wa miaka sabini. Nikanyweshwa habasoda na asali, nikachanjwa kifuani, nikaambiwa nikikua nitaacha. Nimekua, nimeoa, nina duka la mapazia, na sijaacha.

Unakumbuka huku Dar nilitibiwa kifua kikuu mara mbili. Mara zote mbili makohozi yalipimwa hayakuonyesha mdudu, lakini picha ya kifua ilikuwa na mabaka, wakaona heri waniwekee dozi kuliko kuniacha. Miezi sita, na mingine sita, mkojo mwekundu, tumbo linauma. Katikati hapo wengine walisema pumu, nikapewa dawa ya kuvuta. Duka letu liko ghorofa ya tatu, na kila nikimaliza ngazi wateja wananisikia kabla hawajaniona. Wengi husogea duka la pili kwa Kasmir, yule Mngoni muuza mazulia. Kasmir aliwahi kuugua TB ya kweli akapona, naye ndiye aliyekuwa akiniambia kila siku kwamba yake iliaga baada ya miezi sita, sasa hii yangu imepanga chumba?

Novemba mwaka jana nilikuwa nakata pazia jeupe la bibi harusi mmoja wa Ilala. Nikakohoa, nikaona matone matatu mekundu juu ya kitambaa. Nilikikunja haraka nikajifanya nimejichoma sindano. Kasmir alikuwa amesimama mlangoni, ameshaona. Akafunga maduka yote mawili, akanishika mkono kama mtuhumiwa, akanipeleka hospitali mwenyewe.

Huko nikamkuta daktari mmoja, Violeth, dada mpole, haongei sana. Aliweka kile chombo cha kusikilizia kushoto kwa kifua changu, akakunja uso. Akakihamisha. Akahamisha tena. Mimi jasho linanitoka, nasema kwisha habari yangu. Kisha akaniambia niende nyumbani nimletee picha zangu zote za zamani. Nilizileta kwenye mfuko wa rambo, akazining'iniza dirishani moja moja. Kwenye moja akaona kile kibandiko cha kuonyesha kulia na kushoto kimebanduliwa na kubandikwa upande wa pili. Hapo nikakumbuka. Yule fundi wa picha siku ile alinigombeza kwamba nimesimama vibaya, halafu akasema basi, atarekebisha mwenyewe. Dada, mtu alinirekebisha moyo kwa gundi, na mimi nikamwambia ahsante.

Moyo wangu uko kulia. Ini liko kushoto. Vyote vimegeuka, na daktari alisema huko kugeuka peke yake hakuna madhara, wako watu wanazeeka hawajui. Tatizo ni kile kinachofuatana nako. Alinieleza kwamba ndani ya mirija ya mapafu kila binadamu ana vinywele vidogo visivyoonekana, kazi yake ni kufagia makohozi na vumbi kuyapandisha juu. Vyangu havifagii. Vimezaliwa hivyo. Kwa hiyo uchafu umetuama miaka yote hiyo mpaka mirija imetanuka na kulegea, na ndiyo iliyotoa damu. Alisema kuna ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana sana na wangu, Wazungu ndio wanaoupata zaidi, jasho la mwenye nao hupita kiasi kwa chumvi. Nikamwambia daktari, kwa jua hili la Kariakoo mbona sote tutakuwa wagonjwa. Alicheka, lakini akanipeleka kupimwa kila kinachopimika, akahakikisha kwamba si huo wala si kifua kikuu, na kwamba huu wangu hauambukizi. Akaniuliza kama baba na mama walikuwa ndugu. Nikasema ndiyo, watoto wa mtu na mdogo wake. Akaandika, akasema maradhi ya kurithi kama haya hupita humo. Wewe umenusurika, mimi nimeupata, hakuna aliyenitupia kitu.

Siku ile nilipokuwa nashuka ngazi za hospitali nilikukumbuka wewe, nikakaa chini pale pale. Ile hadithi unayoisimulia kwenye kila harusi, watu wakavunjika mbavu: una miaka tisa, umelaza sikio kwenye kifua cha mtoto mchanga, ndiye mimi, kama ulivyomwona mkunga akifanya, halafu ukakimbia uani ukapiga kelele, "Mama, moyo wa mtoto haupo!" Mama akakunasa kofi kwa uchuro wako mpaka ukatapika uji. Dada, hukukosea. Ulisikiliza kushoto, na kushoto haupo. Ulisema kweli, ukapigwa, na sote tumekucheka miaka thelathini na nne.

Sasa nafika kwenye lenyewe. Wewe ni kungwi, umefundisha mabinti wa watu mambo ambayo mimi siwezi kuyatamka, kwa hiyo nivumilie hata kama ni mdogo wako.

Daktari alipomaliza habari ya mapafu aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Una watoto?" Nikajibu kama tunavyojibu siku zote, kwamba mke wangu bado hajajaliwa. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba mbegu ya mwanamume nayo ina mkia, na mkia huo unacheza kwa namna ile ile ya vile vinywele. Akaniandikia kipimo. Nilikwenda nikiwa nimeinamisha kichwa, na jibu nililipata wiki iliyofuata, Disemba. Mbegu ziko hai, dada. Zinatetemeka tu mahali pamoja. Haziendi.

Ni mimi. Siyo Zamda. Haijawahi kuwa Zamda.

Wiki hiyo hiyo nilimwambia mke wangu kwamba daktari amesema ni vumbi la vitambaa limeharibu mirija. Basi. Akafundishwa kunigonga mgongo kila asubuhi, mimi nimelala kichwa chini kwenye ukingo wa kitanda, yeye amekunja viganja, ananigonga taratibu mpaka makohozi yanatoka. Akishamaliza, ananawa mikono, anakwenda jikoni kunywa ile mizizi yako ya kutafuta mtoto. Tumbo tupu, kama ulivyoagiza. Namsikia anavyojikaza isirudi. Miezi minane nimelala pale nikimsikia, kifua changu chepesi kwa kazi ya mikono yake, na sikusema kitu.

Na kuna hili, ambalo ndilo linaninyima usingizi kuliko yote. Februari ulipokuja kwenye harusi pale ukumbini karibu na Mnazi Mmoja, Zamda akiwa amebeba sinia la pilau, ulisema mbele ya meza nzima kwamba mdogo wako anapanda juu ya jiwe, na kwamba umeshamwona binti wa mzee Bakili kule Kivinje. Zamda aliweka sinia polepole, akapakua, akaanza na sahani yako. Dada, lile jibu la kipimo lilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilikuwa nimelichukua nikamwonyeshe Zamda siku hiyo baada ya shughuli. Mfuko wa kushoto, pale watu wote walipo na moyo. Niliushika mfuko, nikala pilau.

Sikulaumu. Ungejua usingesema. Aliyejua ni mimi.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Ukanitumia jina la binti, Mboni, ukaniambia jibu la posa ni mwisho wa mwezi huu. Zamda alikubali bila ugomvi. Wiki iliyopita alishuka Mtaa wa Kongo akarudi na doti ya kanga, akaniuliza kama naona itamfaa mwenzake, au ni ya rangi ya kizee. Nikasema itamfaa. Jumamosi mzigo wako mpya wa mizizi ukafika, ile uliyosema ni kali zaidi. Aliinywa Jumapili. Alitapika mpaka akashindwa kusimama, macho yamerudi nyuma, na jirani yetu Benedikta ndiye aliyenisaidia kumfikisha zahanati. Wakamtundikia maji chupa tatu. Nilikaa pembeni mwa kile kitanda nikiomba Mungu asimchukue kwa kosa langu.

Jumatatu asubuhi, miguu bado haina nguvu, nikamkuta jikoni amebandika tena sufuria. Nikaichukua nikaimwaga uani. Alilia, dada. Alidhani nimeshaamua, kwamba sitaki tena mtoto wa tumbo lake, namsubiri Mboni. Hapo ndipo nilipomwambia yote, nimesimama na sufuria tupu mkononi. Moyo, vinywele, kipimo, Disemba, mfuko wa shati.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Moyo wako najua uko wapi tangu wiki ya fungate. Mimi hulala upande gani? Nilidhani na wewe unajua. Hilo jingine ndilo ulilonificha."

Akaisugua ile sufuria ikang'aa, akaifunika, akafungasha nguo chache, akavuka kwenda kwa mama yake mdogo Kigamboni. Hakuniomba talaka. Hakusema atarudi. Nilimwuliza nifanye nini, akaniambia nianze na yule aliyemwita jiwe mbele za watu, na niandike kwa mkono wangu ili nisiweze kukana. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, si kwamba simu yako ni ya ukoo tu.

Leo ni siku ya pili hakuna wa kunigonga mgongo. Jana Kasmir alijitolea, akanigonga kama anayekung'uta zulia, nikamwomba aache. Kifua kimejaa, naandika nikipumzika kila mstari. Lakini siogopi kifua. Dawa ninazo, na daktari anasema nikifuata masharti nitaishi miaka yangu. Amesema hata mtoto, hospitali kubwa zina njia za kusaidia, ila hilo sasa si langu kuliamua bila Zamda. Ninachoogopa ni kwamba atakaa Kigamboni akisubiri neno, neno lisifike, naye ajue kwamba kwetu yeye ni wa kubebeshwa lawama tu.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo mtume mtu Kivinje kwa mzee Bakili. Aseme mwoaji amejitoa kwa maradhi yake mwenyewe aliyozaliwa nayo, na jina la Zamda lisitajwe hata kidogo. Yule binti hana kosa, naye asije akanywa mizizi kwa ajili yangu. Mizizi iliyobaki usiitume.

La mwisho ndilo zito. Mama, Mungu amrehemu, hawezi tena kukuomba radhi kwa lile kofi. Nakuomba mimi kwa niaba yake, na kwa niaba yangu niliyecheka kila harusi. Nisamehe. Ulipigwa kwa sababu ulisema kweli, na mwenye kasoro nilikuwa mimi nimelala kwenye mkeka. Sasa wewe peke yako katika ukoo huu unajua ladha ya kofi la kosa lisilo lako. Namba ya Zamda unayo. Usimtumie ujumbe, mpigie, na kama wari wako ukumbini, waache wasikie.

Nisalimie shemeji, uwasalimie na watoto, mwambie mdogo wao kitabu chake cha hesabu nimekipata nitakituma kwa basi lijalo. Kasmir anakusalimu, anasema anakumbuka ule mkate wa kumimina. Zamda ningekupa salamu zake kama kawaida, lakini safari hii sina ruhusa ya kusema kwa kinywa chake.

Ni mimi mdogo wako, mtoto uliyesema moyo wake haupo,

Ridhiwani